Mfereji wa Kitheka

Nyuma ya nyumba ya Onesmus Kitheka, nje kidogo ya soko la Katangi, kuna friji kuukuu ambamo kuku hutaga mayai. Haina mota wala waya. Mlangoni pana tundu la mviringo lililotobolewa kwa ustadi, kingo zake zikalainishwa kwa msasa. Wageni huuliza tundu lile ni la nini. Kitheka huwaambia ni la kuwaingizia kuku hewa, na mkewe Kamanthe, akiwa karibu, huinuka akaenda jikoni.

Kuku wanapata hewa, hilo ni kweli, lakini tundu lile lilitobolewa kwa ajili ya pombe. Na pombe yenyewe ilikusudiwa mtu mmoja tu, ingawa waliinywa wengi. Mtu huyo alikuwa Aloys Kisilu, kaka mkubwa wa Kitheka, tumbo moja, Kitheka kamfuata ziwa.

Kitheka alimaliza ujana na utu uzima wake katika hoteli moja kubwa ya Nairobi. Kazi yake haikuwa ya kuvaa tai. Alikuwa mtu wa chini, wa ghala lililokuwa chini ya baa, ambako mapipa ya chuma ya bia yalikaa kwenye baridi pamoja na mitungi ya gesi ya kuisukuma bia ipande juu kwa mipira hadi kwenye mfereji. Mteja kule juu aliona kishikio kikivutwa na glasi ikijaa, povu la vidole viwili likikaa juu yake, na hakujua kwamba chini ya viatu vyake ameketi Mkamba akisikiliza gesi. Kitheka aliionea fahari kazi hiyo. Akija likizo aliwaeleza watu wa Katangi habari za povu mpaka wakapiga miayo, lakini walimsikiliza kwa adabu kwa kuwa alikuwa amewaletea sukari.

Desemba ya mwaka 1993 baba yao, Mzee Kimeu, alifariki. Habari zilimfikia Kitheka wiki ya Krismasi, hoteli imefurika, na meneja akamwambia aende sikukuu zikipita. Angeweza kukataa. Wenzake waliwahi kukataa kwa misiba midogo kuliko huo, wakaenda, wakarudi na kuzikuta kazi zao zipo. Yeye aliogopa, akabaki. Kule nyumbani Aloys alizuia jeneza lisishushwe, akawa anatazama barabara ya kutoka Matuu, mpaka padri akamwambia kwa upole kwamba giza linaingia. Kitheka alifika baada ya mwaka mpya, akakuta udongo wa kaburi umeshaanza kufanya nyufa.

Aloys hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimsalimia, akamwonyesha kaburi, akarudi shambani kwake. Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya miaka kumi, maneno kati yao yakawa ya salamu tu: mmeamkaje, huko kwenu mvua imenyesha, watoto hawajambo. Nyumba zao zilitenganishwa na mto mkavu na shamba la mbaazi, na Kitheka akija likizo aliona moshi wa jiko la kaka yake kila jioni. Hakuna aliyevuka isipokuwa kwa shughuli.

Sasa, mji wa Mzee Kimeu ulikuwa na desturi yake. Watu wake walipokosana, mzee hakuuliza nani alianza. Alitengeneza uki, pombe yetu ya asali, akaimimina katika nzele, yaani kata ya kibuyu, iliyokuwa imekuwa nyeusi kwa uzee, akawakalisha wagomvi magoti kwa magoti. Mkubwa alikunywa nusu, akampa mdogo, na mdogo akamalizia kwa kuweka mdomo pale pale mkubwa alipouweka. Kisha mkubwa aliipokea nzele tupu na kuifudikiza chini. Hakuna aliyesema pole. Nzele ikishafudikizwa, jambo limekwisha, na atakayelitaja tena huyo hana adabu. Wale ndugu wawili waliwahi kunywa hivyo wakiwa vijana, Kitheka alipochoma mzinga wa Aloys akitafuta asali ya wizi.

Mzee alipokufa, Aloys ndiye aliyerithi kazi ya uki. Alirithi nzele, na alirithi miatine, yale matunda makubwa yaliyokaushwa yanayoichachusha pombe, ambayo mtengenezaji huyatumia tena na tena miaka nenda miaka rudi. Watu walitoka mpaka Ndithini kuja kumwomba awatengenezee ya harusi.

Mwaka 2004 Kitheka akastaafu. Hoteli ilikuwa ikibadilisha vifaa vya baa, na walipomuuliza anataka nini cha kumbukumbu, akaomba mfereji mmoja wa zamani, wa shaba iliyong'arishwa, wenye kishikio cheusi. Alikuja nao Katangi umefungwa kwenye taulo. Njiani alikuwa ameshapanga kila kitu moyoni. Angeita watu wa nyumbani, angemwomba Aloys atengeneze uki, na uki huo angemhudumia kaka yake jinsi walivyohudumiwa wakubwa wa dunia. Kitheka hakujua kuomba msamaha. Alijua kutoa bia.

Akapiga moyo konde, akavuka mto. Aloys alikuwa amekaa nje akichonga mpini wa jembe.

"Baba Ndila," Kitheka akasema, baada ya salamu kwisha zote, "nilikuwa nafikiria tukae siku moja. Watu wa nyumbani tu. Na nikaona hakuna uki kama yako."

Aloys aliendelea kuchonga. "Unataka uki."

"Nataka."

"Na unataka ikuwe yangu."

"Kama uko na nafasi."

Aloys akapuliza maranda kwenye mpini, akautazama huku na huku. "Asali iko," akasema. "Kwa chifu nitaenda mimi mwenyewe nichukue ruhusa. Wewe tafuta watu."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia tangu kaburi lile. Kitheka alirudi nyumbani akitembea kama kijana, na Kamanthe alipomwona akadhani amepigiwa simu na mtoto wao Kanini kutoka Mombasa.

Pipa alilipata mjini Machakos, kwa Abdiaziz, mfanyabiashara wa mifugo ambaye pia alinunua vitu vya hoteli zilizofungwa. Lilikuwa limekaa mlangoni pake, linang'aa.

"Hii ni ya maziwa, mzee," Abdiaziz akamwambia. "Chuma safi, haishiki kutu. Nilinunua niweke maziwa ya ngamia, lakini hiyo mdomo yake imenishinda kufungua."

"Hii si ya maziwa, Abdiaziz. Ni ya pombe."

Abdiaziz akaondoa mkono wake juu ya pipa taratibu. "Na mimi naipangusa kila asubuhi," akasema. "Basi beba haraka, mama yangu asisikie." Alipokuwa akimsaidia kulisukuma nje kwa mguu, akauliza, "Unafungua baa?"

"Hapana. Nataka kupatana na kaka yangu."

"Eeh. Kwetu watu wakikosana wanakula sinia moja."

"Ni hivyo hivyo tu," Kitheka akajibu, macho yake yako kwenye valvu ya pipa. Neno lile lilipita karibu na sikio lake likaenda zake. Laiti lingeingia.

Wiki zilizofuata alikuwa mtu mwenye furaha. Alinunua ile friji iliyokufa, akatoa matumbo yake yote, akatoboa mlango na kuupachika mfereji wake wa shaba. Umeme haukuwa umefika kwake, kwa hiyo baridi ingekuwa ya barafu kutoka mjini, iliyofunikwa kwa maranda na magunia. Mtungi wa gesi, ile ile inayotiwa kwenye soda, aliupata kupitia kwa rafiki wa zamani wa hoteli, pamoja na saa yake ya kupimia nguvu. Pipa aliliosha kwa maji ya moto na magadi mpaka likanuka usafi. Mpira wa kutoka kwenye pipa hadi kwenye mfereji aliufanya mwembamba na mrefu sana, akauzungusha ndani kama nyoka aliyelala, kwa sababu pombe ikisafiri mbali kwenye njia nyembamba hupunguza hasira na kufika bila povu jingi. Alijaribu kwa maji. Kamanthe, ambaye kanisa lake haliruhusu pombe, alikubali kuvuta kishikio mara moja, maji yakatoka, naye akacheka bila kutaka.

Siku moja kabla ya shughuli Aloys akaleta uki kwa mkokoteni wa punda. Kitheka akauchuja kwa kitambaa cheupe, akaumimina ndani ya pipa, akaanza kukaza kifuniko. Aloys alisimama akitazama, mikono nyuma.

"Unaifunga?"

"Naifunga, niweke gesi."

"Hiyo bado iko hai. Itapumua wapi?"

"Itapumulia kwa mfereji, Baba Ndila. Wewe ngoja kesho."

Aloys akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo. Kitheka aliliona lile tabasamu. Angali analiona.

Kesho yake watu wakaja: binamu, wajomba, majirani, na padri aliyepita akasema anachungulia tu. Glasi za kukodi zilipangwa mezani juu ya kitambaa. Kitheka alikuwa na shati jeupe na taulo begani. Akavuta kishikio, na uki ule, uliokuwa umepumua usiku kucha ndani ya chuma, ukatoka wote povu. Watu wakacheka. Akapunguza gesi, akamwaga glasi za kwanza, akavuta tena, povu tena. Jasho likamtoka. Alikuwa ameinama anarekebisha, anavuta, anamwaga, na kidogo kidogo uki ukaanza kushuka vizuri, wa rangi ya asali, baridi, na watu wakaanza kupiga foleni wakiusifu.

Ndipo Aloys akaja mpaka kwenye friji. Alikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa. Akakifungua bila haraka, na ikawa nzele ya baba yao, imepakwa mafuta mpaka inameta. Akaikinga chini ya mfereji.

Kitheka alikuwa na miaka mingi ya hoteli mikononi. Kule, kikombe kilichotiwa mdomo na mtu hakimgusi mwingine, na mhudumu anayesahau hilo hana kazi kesho yake. Mikono yake ikafanya ilivyozoea. Akaichukua nzele kwa upole kutoka kwa kaka yake, akaiweka juu ya friji.

"Hapana, Baba Ndila," akasema kwa sauti ya furaha, wote wasikie. "Leo hakuna mambo ya kata. Leo kila mtu na glasi yake, safi, hakuna kushika mate ya mwenzako."

Watu wakacheka tena, mmoja akapiga makofi. Kitheka akachagua glasi iliyong'aa kuliko zote, akaijaza polepole, povu la vidole viwili juu yake, haijawahi kutoka nzuri hivyo tangu asubuhi. Akampa Aloys kwa mikono miwili.

Aloys aliitazama ile glasi. Akanywa yote akiwa amesimama.

"Ni baridi," akasema.

"Barafu imetoka Machakos."

"Asante. Ng'ombe hawajanyweshwa." Akaichukua nzele juu ya friji, akaifunga katika kitambaa chake, akawaaga watu, akashuka kuelekea mtoni. Kitheka alimsindikiza kwa macho kidogo, kisha mtu akanyoosha glasi tupu, naye akarudi kwenye mfereji wake.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akiosha glasi akipiga mluzi. Kamanthe akaja akasimama mbele yake.

"Baba Kanini, jana ulimfanyia nini Baba Ndila?"

"Nilimpa glasi nzuri kuliko zote."

"Mimi sinywi hiyo kitu, lakini nimeolewa katika huu mji na nilimkuta mzee yuko hai. Mtu amekuja na nzele ya baba yenu, imepakwa mafuta. Alikuwa anaenda kunywea na nani?"

Glasi ilibaki ndani ya maji mkononi mwa Kitheka. Si kwamba hakuijua ile desturi; aliijua tangu utotoni. Ila yeye alikuwa ameamua kwamba shughuli nzima ndiyo msamaha, friji ndiyo msamaha, barafu ndiyo msamaha, na haikumpitia akilini kwamba mwenzake angeweza kuja na njia fupi zaidi.

"Nenda leo," Kamanthe akamwambia.

"Nitaenda."

"Leo."

"Nitaenda, lakini siwezi kwenda mikono mitupu baada ya aibu hiyo. Wacha nirekebishe ile povu. Nikishaitengeneza vizuri nitamwita yeye peke yake, na nzele yake, tunywe sawasawa."

Hapa ndipo mtu angetamani kumshika Kitheka shati na kumvusha ule mto kwa nguvu. Mto wenyewe haukuwa hata na maji. Lakini aibu ikimkaa mwanamume mwenye kazi ya mikono, atatafuta kitu cha kurekebisha, na akikosa kibovu atakiharibu kizima. Akafungua pipa, akalifunga. Akabadilisha mpira. Uki wa Aloys uliobaki ukaisha kwa majaribio, na hakuthubutu kwenda kumwomba mwingine, kwa hiyo akajitengenezea wake kwa sukari na hamira ya dukani, ukatoka na ladha ya mkate. Akajaribu tena. Mvua ikaja, watu wakapanda. Alikutana na Aloys njiani, wakasalimiana: mmeamkaje, huko kwenu mahindi yameota. Kila mara maneno yalimfika kooni, na kila mara alijiambia kwamba bado kidogo, povu linakaribia.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata gesi ikaisha. Kitheka akapanda Nairobi kujaza mtungi, na kwa kuwa rafiki yake alikuwa amesafiri, akalala huko akimngoja. Aloys alikuwa ameshikwa na homa ambayo kila mtu aliiona ya kawaida. Kitheka aliposhuka Katangi na mtungi begani, mwenye duka la kwanza alifunga redio yake alipomwona, naye akajua.

Safari hiyo hakuchelewa maziko. Alichimba kaburi na vijana, akakataa kupokewa sururu. Jeneza lilishushwa mapema, padri hakuhitaji kusema kitu kuhusu giza.

Watu walipopungua, akaenda kwa Mutindi, mjane wa kaka yake, aliyekuwa amekaa ndani kwenye kigoda. Alitaka kumweleza habari ya nzele, kwamba alijua, kwamba alikuwa anakuja.

"Mama Ndila," akaanza.

"Alikuwa anakungoja," Mutindi akasema. Hakusema kwa ukali. "Tangu ile siku ya friji yako. Aliweka uki kidogo pale kwa kona, ya watu wawili. Ikichacha sana anamwaga, anaweka ingine. Nikamwambia, sasa si uende wewe? Akasema, mimi nilifika na nzele mpaka kwa mlango wake. Acha na yeye avuke."

"Amefanya hivyo mara ngapi?"

"Sikuwa nahesabu. Mpaka juzi kabla homa imlaze." Akainuka, akaleta kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi la hindi, na ile nzele. "Hii ndio ya mwisho."

Kitheka alilia hapo, mbele ya shemeji yake, hakujificha. Alipotulia, akamimina. Uki ulikuwa umechacha mpaka unachoma pua, wala haukutoa povu. Akaishika nzele kwa mikono miwili lakini hakunywa. Akawa anaizungusha, anaangalia ukingo wake mweusi, anatafuta mahali ambapo Aloys angeweka mdomo. Ukingo ulikuwa sawasawa pande zote.

"Kunywa tu, Baba Kanini," Mutindi akamwambia.

Akanywa yote, nusu ya mkubwa na nusu ya mdogo, machozi yanamtoka kwa uchungu wa kila namna. "Pole," akasema kwenye nzele tupu, ingawa kwa kawaida yao hakuna aliyesema pole. Halafu akataka kuifudikiza chini. Mutindi akamzuia mkono.

"Hiyo hufudikizwa na mkubwa," akasema.

Pipa lilirudi kwa Abdiaziz, ambaye alilikataa, kisha akalipokea kwa kumhurumia. Mfereji wa shaba Kitheka aliupachika kwenye tangi la maji la Mutindi, na huvuka mto kila Jumamosi kuangalia kama unavuja. Hauvuji. Huingia ndani akapewa chai, akaketi akiangalia rafu iliyo juu ya mlango, ambako nzele imekaa hadi leo, mdomo juu.